Kilo Sabini Juu ya Kabati

Jumatatu, 4 Machi

Imeingia! Imefika dukani asubuhi ndani ya boksi refu, nasi wote tukaizunguka kama ndugu waliokuja kuona mtoto mchanga. Baiskeli ya milimani, springi mbele, springi nyuma, tairi nene zenye meno. Rangi ya chungwa. Nzuri mno. Nikaiogopa papo hapo.

Sikuonyesha. Mtu anayetaka cheo haonyeshi.

Cheo chenyewe ni hiki. Mwenye duka ni mwanyumba wangu. Yeye alimwoa dada mkubwa, mimi nikamwoa mdogo, na tangu siku hiyo amenitangulia katika kila kitu. Sasa anafungua duka la pili chini ya mlima, la baiskeli za milimani tu, na anatafuta msimamizi. Tunaolitamani ni wawili. Mimi, muuzaji wa siku nyingi, bingwa wa baiskeli za watoto na za vikapu. Na Mshale, muuzaji mwenzangu, tunayemwita hivyo kwa wembamba wake na kwa mbio zake. Kila alfajiri huupanda mlima kabla ya kuja kazini, halafu anaingia dukani akitabasamu. Na ni mpole! Ukimkanyaga, anaomba radhi yeye. Watu wa namna hiyo hawaaminiki.

Mwanyumba akasema kabla hajaagiza baiskeli hizi kwa wingi, mtu wa duka aijaribu kwanza kwenye njia za mlimani, aje aseme ukweli wake. Akasema pia, macho yakiwa tumboni kwangu, kwamba duka la wapanda milima haliwezi kusimamiwa na mtu anayehema akifunga kamba za viatu. Mshale akafungua mdomo. Nikamwahi. Nikasema mimi hapa. Nikasema ujana wangu wote niliumalizia miteremkoni. Maneno yalitoka yenyewe.

Fundi akaleta pampu ndogo. Kumbe springi hizi hazina chuma ndani, zina upepo, na upepo hujazwa kulingana na uzito wa mwendeshaji. Mzito, upepo mwingi. Mwepesi, upepo kidogo. Akaniuliza kilo zangu. Mbele ya Mwanyumba! Mbele ya Mshale! Mbele ya shemeji yangu, mke wa Mwanyumba, aliyekuwa kaunta!

Nikasema sabini.

Fundi akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, akapumzika kidogo katikati. Akauliza tena, sabini? Nikamjibu sabini, na viatu vimo.

Ukweli ni kwamba sijui uzito wangu. Mizani ya nyumbani ilikufa mwaka juzi, nikiwa juu yake.

Nimeileta nyumbani. Mke wangu ameizunguka mara moja, akauliza ni nani atakayeipanda. Mama mkwe, tunayeishi naye, akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamwambia mimi siendi sakafuni, naenda mlimani. Akasema na huko ukingo upo.

Jumanne, 5 Machi

Siku ya majaribio.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Lami, tambarare, watu wananitazama. Kofia ngumu, miwani, glavu. Nikapiga kengele bila sababu. Kengele nimeifunga mwenyewe, maana baiskeli ya bei ile kuja bila kengele ni aibu. Halafu lami ikaisha.

Kupanda nilipanda kwa miguu, nikiisukuma. Huo si woga, ni kuitunza mashine. Juu, pale njia inapoanza, kuna ubao wenye alama nyekundu inayoelekeza chini. Nikasimama. Njia yenyewe ina upana wa mlango wa choo. Mizizi imetambaa huku na huku, mawe yamechomoza, na baada ya kona ya kwanza huoni kitu. Miti tu, na kimya. Kimya kibaya. Mikono yangu ilikuwa imebana breki zote mbili, na baiskeli bado imeegemea mti.

Nikapiga moyo konde. Nikakaa. Nikaachia breki kidogo. Ikaenda! Ikaenda yenyewe, bila kuniuliza. Mbele kukatokea jiwe lenye kimo cha kizingiti cha mlango. Humu daftarini sisemi uongo: kizingiti. Gurudumu likashuka. Gwaa! Baiskeli ikazama chini yangu kama kiti kilichovunjika miguu, kitu kikagonga kitu huko ndani, halafu ikanirusha juu. Nilikaa hewani muda wa kutosha kuwakumbuka wanangu kwa majina. Nilipotua, kengele ikalia.

Nikasema basi. Njia yote iliyobaki niliishuka kwa miguu, nimeikamata baiskeli kama ndugu mlevi anayerudishwa nyumbani. Wazee wawili wa mazoezi ya kutembea wakanipita. Nikawaamkia. Wakaitikia kwa huruma.

Lakini akili ninayo! Nyuma ya kituo cha kuoshea magari kuna dimbwi. Nikapaka matope fremu, nikapaka tairi, nikapaka viatu na shavu moja. Mashavu mawili yangeonekana ya kutengeneza.

Dukani Mwanyumba alipoyaona matope akapiga makofi. Fundi hakuyatazama. Aliinama, akaifuta springi ya mbele kwa kitambaa, akakodoa macho. Kuna kipete cha mpira pale, chembamba, sijawahi kukiona maishani. Kumbe springi ikibonyea, kipete kinasukumwa. Springi ikirudi, kipete kinabaki palepale kilipofikishwa. Shahidi! Baiskeli ina shahidi, na hakuna aliyenionya!

Cha mbele kilikuwa kimefika mwisho kabisa. Cha nyuma pia.

Fundi akasimama polepole. Akasema kwa upepo wa kilo sabini, njia za kukifikisha kipete pale ni mbili tu. Ama mtu ameruka kutoka juu ya Kabati, ama mtu hana kilo sabini.

Kabati ni jiwe. Liko katikati ya njia ile, na wapanda baiskeli wameliita hivyo kwa kuwa kimo chake ni cha kabati la nguo. Wachache mno wameliruka. Duka zima likanigeukia. Mwanyumba akaanza tena kunitazama tumbo, nami nikaliona duka la pili likiniponyoka.

Nikasema Kabati. Nikasema sikutaka tu kujisifu.

Mshale akaja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema yeye hufika juu ya lile jiwe kila siku, hutazama chini, halafu hugeuza. Macho yalikuwa yakimng'aa. Nilijisikia vibaya. Baadaye nikajisikia vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Mdomo uliponza kichwa!

Nimefika kazini nikakuta karatasi kubwa mlangoni, mwandiko wa Mwanyumba, kalamu nyekundu. Wateja wote wanaalikwa Jumamosi asubuhi mlimani, waje waione baiskeli mpya ikiruka Kabati. Atakayeiendesha: mtaalamu wetu. Nikauliza mtaalamu gani. Mwanyumba akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema wateja wakiona mtu wa umri wangu na umbo langu anatua salama, kila mmoja ataitaka. Kisha akatoa funguo za duka jipya mfukoni, akazichezesha hewani, akasema Jumamosi zitakabidhiwa palepale chini ya jiwe.

Funguo zina kishikizo cha ngozi. Kizuri sana.

Baada ya kazi nilikwenda kuliona jiwe hilo kwa miguu. Nilidhani jina ni utani wa vijana. Si utani. Nilisimama chini yake nikanyoosha mkono, sikugusa juu. Nikazunguka nyuma, nikapanda, nikalala kifudifudi na kutambaa mpaka ukingoni. Chini kuna mizizi, halafu miti miwili iliyokaribiana, na njia inapita katikati yake. Nafasi ya usukani na vidole, labda. Nikadondosha kokoto. Nikaisikiliza ikianguka. Ilichelewa.

Naandika wazi kwa sababu hakuna anayesoma: naogopa. Si woga wa mzaha, wa kuogopa mjusi. Naogopa kuvunjika shingo mbele ya wateja, na mke wangu akiwepo, maana Mwanyumba ameshamwalika. Nilishindwa hata kuinuka pale juu. Nilirudi kinyumenyume, kwa magoti, na mtu mmoja aliyekuwa akipita akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Jumamosi sitaruka. Hilo nimeshaliamua. Bado njia tu.

Alhamisi, 7 Machi

Njia nimeipata! Mguu. Nimeamka nachechemea. Mwendo mzuri sana, nimejifunza mbele ya kioo cha bafuni, na nikaongeza mguno kila hatua ya tatu.

Nilisahau jambo moja. Mama mkwe, kabla hajahamia kwetu, alikuwa mkandaji wa timu ya mpira. Miguu ya wanaume wanaodanganya anaijua kama vidole vyake. Akanilaza sebuleni, akabonyeza goti. Nikapiga yowe. Akabonyeza kisigino. Nikapiga yowe. Akabonyeza mguu wa pili, nami kwa bidii nikapiga yowe la tatu. Akanyanyuka, akafuta mikono, akasema maradhi yanayohamahama dawa yake ni moja, na hiyo dawa iko kazini, niwahi.

Nimekwenda kazini nachechemea vilevile. Saa nne Mshale akanivuta pembeni. Akasema, samahani kaka, asubuhi ulikuwa ukichechemea mguu wa kushoto. Aliona aniambie, nisije nikajiumiza kwa kuchanganya.

Halafu akasema neno kubwa. Akasema kama sijisikii vizuri, yeye yuko tayari kuruka badala yangu. Anaogopa, alikiri kabisa kwamba anaogopa, lakini atajitahidi. Na atawaambia watu kwamba aliyemfundisha ni mimi.

Mungu wangu! Mlango umefunguliwa, na aliyeufungua ameshika kitasa na kuniinamia! Nilitaka kumbusu. Nikavuta pumzi ya kusema ndiyo. Ndipo nikaziona akilini zile funguo, mkononi mwake, na kishikizo cha ngozi kikining'inia kwenye vidole vyake vyembamba.

Nikamwambia asante, mdogo wangu, lakini kazi ya wakubwa waachiwe wakubwa.

Sasa ni jioni. Nimejigusa shingo mara nyingi. Ni shingo nzuri tu. Nimejuta.

Ijumaa, 8 Machi

Kesho. Chai imenishinda, mkate nimekula.

Adhuhuri duka lilikuwa tulivu. Fundi akaniita karakana ya nyuma. Chini ya meza yake alikuwa ametoa mizani ya mizigo, ile tunayopimia maboksi. Hakuielekeza kwangu, aliiacha tu pale, tukaitazama wote wawili. Akasema springi si kitu cha kutaniana nacho. Kama upepo ni wa sabini na mwili si wa sabini, pale Kabati baiskeli itazama mpaka mwisho, itanirusha juu ya usukani, na nitatua kwa kichwa. Akasema kama kuna kilo nimezisahau nyumbani, nimwambie sikioni. Ataongeza upepo, na siri atakwenda nayo kaburini.

Mtu mwema! Mwaka mzima nimemsema kwamba ana maringo, kumbe moyo wake dhahabu. Machozi yalinilengalenga. Nikamwinamia sikioni.

Mwanyumba akaingia, akiwa na mteja, akimwambia mteja kwamba huyu ndiye yule.

Nikamnong'oneza fundi: sabini.

Alifumba macho kidogo. Akairudisha mizani chini ya meza.

Lakini sijafika hapa nilipo kwa kukata tamaa. Wenzangu walipokwenda kula, nilibaki na baiskeli na pampu. Kama hatari ni upepo mdogo, dawa ni upepo mwingi! Mbona rahisi? Nikajaza wa kilo themanini. Nikafikiria kidogo, nikajaza wa tisini. Nikakumbuka mkate wa asubuhi. Nikaongeza. Kisha nikalikumbuka lile jiwe, kokoto ilivyochelewa kufika chini, nikaongeza wa woga, maana woga nao una uzito. Nilipoacha, springi zilikuwa ngumu kama meza. Nikazibonyeza kwa mwili wote. Hazikusogea hata kidogo.

Salama kabisa.

Mke wangu ameniuliza kwa nini sisemi. Nikamwambia mabingwa huwa hawasemi siku ya mwisho. Akanikalia karibu, akanishika sikio, kama anavyofanya kwa watoto wakiwa na homa. Akasema nikitaka, aseme yeye kwamba amenikataza. Mwanyumba ni shemeji yake, hawezi kubishana naye. Nilitaka sana.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko kwenye plasta.

Watu walijaa. Wamesimama pande zote za jiwe, juu ya mizizi, baadhi na watoto mabegani. Mwanyumba amevaa fulana mpya. Mke wangu alikuwa chini, karibu na ile miti miwili, amekunja mikono, hacheki. Mimi juu kabisa, mwanzoni mwa njia, peke yangu. Nilijaribu kumwomba Mungu, nikakuta nimesahau maneno yote isipokuwa ya kuombea chakula. Nikayasema hayo.

Mpango wangu ulikuwa mzuri. Nishuke taratibu, nikifika karibu na jiwe nijiangushe upande, polepole, kwa heshima, nisingizie jua. Ningepata pongezi kwa kuthubutu, na funguo kwa huruma.

Sikushuka taratibu. Baiskeli ngumu vile haibembelezi. Kila mzizi ulinirusha, kila kokoto ilinipiga meno. Nilipopaa kutoka mzizi wa kwanza nikatua kwenye wa pili, wa pili ukanipeleka wa tatu. Kiti kilikuwa kikinikuta hewani. Kengele ililia njia nzima, na watu, kwa kudhani ni mbwembwe, wakashangilia. Nikaliona Kabati. Nikaona ukingo, na ng'ambo ya ukingo hakuna kitu, hewa tu, na mbali huko mapaa ya mji. Nilipiga kelele. Nadhani nilimwita mama mkwe.

Nikabana breki zote mbili kwa nguvu zangu zote.

Breki ni nzuri mno. Hilo nalithibitisha kama mjaribu. Baiskeli ilisimama palepale, gurudumu la mbele limechungulia ukingoni. Springi, kwa ule upepo wote niliouweka, hazikubonyea, na baiskeli ikanitema. Niliruka Kabati! Naomba ieleweke. Niliruka Kabati kabisa, juu ya mizizi, peke yangu, bila baiskeli. Nikaanguka kwenye rundo la majani makavu karibu na miguu ya mke wangu. Majani hayakuwa mengi kama yalivyoonekana.

Halafu nikasikia mke wangu akilia. Si kulia kwa kelele. Aliniita jina langu, taratibu, mara nyingi, huku akinipapasa kichwa kama anayehesabu kama vyote vipo. Nikafungua macho nikamwambia nipo. Akanipiga kibao cha bega. Bega zima, bahati nzuri.

Fundi alikwenda kwenye baiskeli kwanza. Akakitazama kipete. Hakikuwa kimesogea hata unywele. Akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba kwa upepo huu angeweza kupandishwa ng'ombe. Mteja mmoja, badala ya kunipa pole, akauliza breki hizo zinatengenezwa wapi.

Wakanipeleka zahanati kwa gari la Mwanyumba. Pale mlangoni hakuna anayeingia bila kupimwa uzito, awe na jeraha, awe na kikohozi. Muuguzi akanionyesha mizani. Nyuma yangu amesimama Mwanyumba, fundi, mke wangu, na Mshale aliyebeba kiatu changu kimoja. Nikamwambia muuguzi, kwa upole, aandike tu sabini, tusipoteze muda, mkono unauma. Akasema dawa ya maumivu anaipima yeye kwa mizani, hapimi kwa habari. Nipande.

Nikapanda. Nikavuta pumzi ndani. Nikainua kisigino kimoja. Akasema nikishushe.

Akasoma kwa sauti, kama anayeita abiria: tisini na sita!

Mwanyumba aliangalia dari. Fundi alinitazama usoni, hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma kuliko mkono.

Nikasema ni matope. Siku ya leo hakukuwa na matope.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala siku nzima. Mama mkwe amenikanda bega lisilouma, akisema anaanza na sehemu zinazosema ukweli.

Mchana Mshale alikuja na machungwa. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaomba radhi sana kabla sijajua kosa. Kumbe jana, baada ya kunifikisha zahanati, walirudi mlimani na mizani ya dukani, wakakuta wateja bado wanangoja. Fundi akatoa upepo, akamuuliza Mshale kilo zake, naye akasema sitini na moja, mizani ikakubali. Akaruka. Akatua. Akapita katikati ya ile miti. Mwanyumba akampa funguo palepale, pale pangu.

Nilitazama ukutani. Duka langu. Kishikizo changu cha ngozi.

Akasema alipokuwa juu alitaka kugeuza kama siku zote. Kilichomsukuma ni kukumbuka kwamba mimi niliruka Jumanne, bila mtu wa kunitazama, na sikujisifu. Alilisema hili kwa moyo wake wote. Kilo amezisikia, kipete amekiona, na bado hajapiga hesabu! Au amepiga, na upole wake ukamziba mdomo. Sikujua niangalie wapi. Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu na machungwa.

Nikamwambia siri yake ni kuinua kidevu.

Alipoondoka, mke wangu alikuja kukaa kitandani, upande wake. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba ile mizani ya zahanati inawezekana ni mbovu. Akacheka mpaka akashika kifua. Akasema godoro letu nalo lina springi, na yeye tangu tuoane amelala mteremkoni. Kila usiku anajishikilia ukingoni asinidondokee. Kilo zangu anazijua kuliko muuguzi, hakuwahi kuzilalamikia. Kisha akaacha kucheka. Akasema jana kwa muda mfupi alidhani atalala tambarare maisha yake yote, na hajawahi kuogopa namna ile. Akasema anazitaka tisini na sita zote, zikipumua. Nisimpunguzie hata moja tena kwa uongo.

Nililia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nikamwahidi. Nikasema kuanzia leo, ukweli mtupu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda kazini na plasta yangu, mtu mpya. Nimemwamkia fundi vizuri. Nimempongeza Mshale mbele ya watu, na ni mara moja tu nilipodokeza kwamba duka jipya litahitaji msimamizi msaidizi mwenye uzoefu.

Saa tano likaingia boksi lingine. Refu zaidi. Tukalizunguka. Baiskeli nyeusi, springi ndefu kuliko za ile ya kwanza, tairi nene kuliko mkono wangu wenye plasta. Mwanyumba akasoma maelezo yake, akasema hii ni ya miteremko mikali tu, haina kazi nyingine duniani. Kabati likanijia machoni, na ile kokoto. Nikarudi nyuma hatua moja. Akasema mwezi ujao atahitaji mtu wa kuijaribu, na kama duka la pili litakwenda vizuri, kutakuwa na la tatu.

La tatu!

Mshale akafungua mdomo.

Nikamwahi. Mwanyumba akauliza, na mkono huo? Nikasema mfupa wangu huunga haraka, tumezaliwa hivyo kwetu. Fundi akaichukua pampu yake ndogo, akaipangusa, akanitazama kuanzia viatuni mpaka kichwani, akapumzika palepale anapopumzika siku zote. Akaniuliza kilo zangu.

Hata shemeji akaacha kuhesabu. Nikamkumbuka mke wangu na ahadi yangu, na moyo ukanidunda, kwa maana mimi ahadi huwa naziheshimu.

Nikasema sabini na mbili. Mbili ni za plasta.